Kuhamia kwenye tandiko la mtini: uzito ukate wapi na wapi usiguse

"Habari mwalimu. Nina miaka 47, kilo 92 kabla sijavaa nguo za baridi. Nawinda kulungu mkia mweupe kwa upinde kwenye ardhi ya umma huku Marekani, na mpaka msimu uliopita nilikuwa nabeba kile kiti cha alumini cha kupandia, kama kilo 10 hivi, natembea karibu kilomita 3 gizani mpaka nifike. Mgongo umegoma. Nimeamua kuhamia kwenye tandiko, ule mkanda wa kiunoni na mapajani unaokaa nao ukining'inia mtini, na kwa kuwa naanza upya nataka seti nyepesi kuliko zote. Naambiwa njia ya stiki moja (kile kipande kifupi cha ngazi kinachofungwa mtini) ndio nyepesi, unapanda nayo halafu unashuka kwa kamba. Nafikiria pia kuchukua kamba za milimita 8 badala ya 11, na ile kamba ya kiunoni inayozunguka shina wakati wa kupanda niiache kabisa, si ninayo kamba ya mtini ya kuning'inia nayo tayari? Bega la kulia liliteguka miaka 2 iliyopita. Na tandiko la rafiki nililojaribu lilinibana nyonga mpaka saa moja ikanishinda. Nianzie wapi?"

Karibu ndugu yangu, na ahsante kwa kuandika kila kitu mpaka uzito wako na habari ya bega, maana bila hivyo vitu viwili ningekujibu hewani. Nimekuelewa hivi: umechoka kubeba, unataka wepesi, na kwa sababu unaenda kununua kila kitu kipya unaona hapa ndipo pa kukata mpaka mwisho. Sawa kabisa. Ila sehemu 2 kati ya 3 ulizochagua kukata ni zile ambazo mi nisingezigusa hata kama ningebebeshwa jiwe. Punguza kwenye chuma, kwenye kamba usipunguze. Ngoja nikueleze kwa nini.

Kwanza hesabu. Kiti chako ni kilo 10. Tandiko la kawaida la siku hizi ni kati ya nusu kilo na kilo moja. Kamba mbili na karabina zake (zile pete za chuma zenye mlango), weka gramu 800. Kibao cha kusimamia, vile vidogo vya alumini, kilo moja na kitu. Vifaa vya kupandia kilo 2 mpaka 3 kutegemea umechagua njia gani. Jumla uko kwenye kilo 5 au 6, yaani karibu nusu ya mzigo imeshaanguka kabla hujaanza kubana chochote, na uliobaki unalala bapa mgongoni badala ya lile lifremu linalokamata kila kijiti unachopita. Kwa hiyo usiende dukani na ile njaa ya kusaka gramu, gramu kubwa umeshazipata.

Sasa kamba. Kamba ya milimita 11 ina uzito wa kama gramu 75 hadi 80 kwa mita, ya 8 ni kama 40 hadi 45. Kamba yako ya mtini ni mita 2 na nusu, ya kiunoni hivyo hivyo. Ukibadilisha zote mbili umeokoa chini ya gramu 200, na hizo ni glasi moja ya maji. Na glasi hiyo unailipia hivi: fundo la prusiki, lile linaloshika kamba kuu na ndilo linalokubeba wewe, linataka kikamba chembamba kuliko kamba yenyewe, kwa kawaida kama asilimia 60 mpaka 80 ya unene wake. Kwenye kamba ya 11 unaweka kikamba cha 7 au 8, kinashika vizuri na unakishika hata ukiwa na glavu. Kwenye kamba ya 8 unashuka mpaka kikamba cha 5 au 6, nguvu inapungua, na saa 11 alfajiri vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi kukilegeza au kukisukuma kidogo tu ni kazi. Zipo kamba za milimita 8 zilizotengenezwa maalum, zina nguvu sana, sizipingi, ila zinataka kikamba au kishikio (kifaa cha chuma kinachoshika kamba badala ya prusiki) ambacho mtengenezaji mwenyewe ametaja kwamba kinaendana nazo. Vishikio vingi vya chuma vimeandikwa unene wa kamba vinaoukubali, ukikuta kimeandikwa kuanzia 10 basi ni kuanzia 10, usikivalishe kamba ya 8 kwa sababu umekivuta sebuleni kikashika. Sebuleni kamba ni kavu na wewe umetulia.

Kitu kingine kuhusu kamba ambacho wengi hawaambiwi. Zile nyeupe au kijivu laini za Dyneema, aina ya nyuzi za plastiki, ni nyepesi ajabu na zina nguvu kushinda nailoni ya unene huo huo, ndio maana watu wanazipenda kwa daraja, ile kamba fupi ya mbele ya tandiko inayounganisha nyonga moja na nyingine. Kwa daraja ni sawa, ikiwa imesukwa vizuri kwenye ncha. Lakini inateleza, mafundo ya kawaida yanaweza kujifungua yenyewe, na inayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 145 hadi 150 wakati nailoni inavumilia zaidi ya 200. Msuguano wa kamba juu ya kamba unatengeneza joto haraka kuliko unavyodhani. Kwa hiyo usije ukaokota kipande cha Dyneema ukafungia prusiki kwa sababu umesoma kwamba kina nguvu. Nguvu ya kuvuta na uwezo wa kushika ni vitu viwili tofauti.

Tuje kwenye kamba ya kiunoni, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Unauliza kama kamba ya mtini haitoshi. Ukishafika juu inatosha, imefungwa usawa wa paji la uso au juu zaidi, umeiegemea, haina ulegevu. Tatizo ni njiani. Wakati unapanda mikono ina kazi, unafunga stiki, unavuta mkanda, unahamisha mguu, na katika dakika zote hizo kitu pekee kinachokufunga na mti ni ile kamba inayozunguka shina kutoka kiunoni upande mmoja kuja wa pili. Ukiiacha unapanda bila kitu chochote. Mtu akianguka kutoka mita 3 anaweza kuumia vibaya, sio lazima afike 6.

Na hata ukisema utapanda na kamba ya mtini tu, unaisogeza juu kila hatua, utajikuta umeipita. Ndio ilivyo, unapanda hatua moja unasahau, kamba inabaki usawa wa tumbo, mkononi una ulegevu wa sentimita 60. Tufanye hesabu pamoja. Kamba hizi za kuwindia hazivutiki sana, ni tofauti na za wapanda miamba. Ukidondoka sentimita 60 na kamba ikakusimamisha ndani ya sentimita 10, mwili umesafiri 70 na kusimama ndani ya 10, kwa hiyo wastani wa nguvu unaokupata ni mara 7 ya uzito wako. Kwa kilo 92 hiyo ni karibu kilo 640, zaidi kidogo ya kilonyutoni 6, na kilele chake kipo juu ya wastani huo. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kuzuia kuanguka kazini vinataka nguvu isizidi kilonyutoni 6, na hapo wanamzungumzia mtu aliyevaa mkanda wa mwili mzima. We umevaa kitu cha kiunoni na mapajani. Karabina itavumilia, imeandikwa kilonyutoni 22, haina shida hata kidogo. Mgongo wako haujaandikwa 22.

Ndio maana nasema tandiko sio kifaa cha kudaka anayeanguka, ni kifaa cha kukufanya usianguke. Linafanya kazi kwa sababu kamba imekazika muda wote, ukiteleza unaning'inia hapo hapo ulipo. Siku ambayo kamba imelegea umebaki na suruali yenye vitanzi. Na tukiwa hapo kwenye karabina, zile 22 au 25 ni kwa urefu wake na mlango ukiwa umefungwa. Ikikaa kimshazari au mlango ukiwa wazi inashuka mpaka karibu 7. Nunua za kujifunga zenyewe, na kila ukiiweka uzito itazame kwa macho na uiguse mlango kwa kidole. Gizani kidole ndio jicho.

Haya, njia ya kupanda. Stiki moja inavyokwenda ni hivi: unafunga stiki mtini juu kadiri unavyofika, chini yake inaning'inia ngazi ya utepe, unapanda ngazi, unapanda stiki, unasogeza kamba ya mtini juu, unaning'inia kwenye tandiko, unainama unafungua stiki chini ya miguu yako, unaivuta, unaifunga tena juu. Unarudia mara 4 au 5 mpaka ufike. Kushuka unateremka kwa kamba ndefu ya kama mita 12, na ukifika chini unaivuta kwa uzi uliouacha. Ni njia nzuri, mi mwenyewe naitumia nikienda mbali sana. Inapendeza kwamba unaweza kupanda juu kiasi chochote na hubebi chuma cha kugongana.

Ila sio nyepesi kama inavyosifiwa. Stiki gramu 800, ngazi 150, kamba ya milimita 9 mita 12 ni kama 650, kifaa cha kushukia na karabina yake 300. Tayari una kilo 1.9. Sasa chukua stiki 3 fupi za gramu 800 na kitanzi kimoja cha mguu unachohamisha kutoka stiki hadi stiki, ni kilo 2 na nusu. Tofauti ni gramu 600, tuseme 800 kwa kuwa ile kamba ndefu inafanya pia kazi ya kamba ya mtini. Hizo ndio unazobishania. Na stiki 3 na kitanzi zinakufikisha karibu mita 4 na nusu, na kwa upinde urefu huo unatosha kabisa ukiwa na majani au tawi la kukuficha nyuma. Kupanda juu zaidi kuna gharama yake: mshale unaingia kwa pembe kali ya kushuka, na nafasi ya kupata mapafu yote mawili inapungua kulungu akiwa karibu na mti.

Halafu kuna bega. Stiki moja inakutaka uinue na kufunga kitu juu ya kichwa mara 4 au 5 ukiwa unaning'inia, na kati ya hizo unavuta mwili wako. Bega lililoteguka linachukia hasa mkono ukiwa juu na umezungushwa nje, na ndio mkao wenyewe huo. Stiki 3 zinafungwa usawa wa kifua na uso, umesimama kwa miguu yote miwili, kamba ya kiunoni imekubeba. Na bega hilo hilo ndilo utavutia upinde kama unatumia mkono wa kulia. Kwa hiyo ningekuwa we, msimu wa kwanza ningeanza na stiki 3 na kitanzi kimoja, bila kusita. Stiki moja itakusubiri.

Kuhusu vitanzi na ngazi za utepe, vinapunguza chuma kweli lakini vina tabia yao. Mguu ukiingia ndani mno na ukateleza, kitanzi kinaweza kukukamata kifundo na ukageuka kichwa chini. Msimu wangu wa pili kutumia ngazi ya hatua tatu nilikuwa nashuka jioni, buti lina tope, mguu wa kushoto ukazama kwenye hatua ya katikati mpaka kisigino, wa kulia ukakosa chini yake. Nakumbuka sauti ya meno ya stiki yakikwaruza gome na kipande cha gome kikinipiga shavuni. Kamba ya kiunoni ilikaza hapo hapo, nikabaki nimekumbatia shina na mguu mmoja mfukoni mwa utepe, nikapumua kwanza ndipo nikautoa taratibu. Sikuumia. Tangu siku hiyo natumia hatua moja tu, yenye sehemu ya kukanyagia iliyokakamaa isiyofunga buti, na sijawahi kujutia ule urefu nilioupoteza.

Njia nyingine zipo, nizitaje haraka. Ya kamba mbili bila stiki kabisa, unapanda kwa kitanzi cha mguu na kamba mbili zinazopishana, ni nyepesi kupita zote lakini ni polepole na inachosha sana mpaka uizoee. Ya kurusha kamba juu ya tawi kama wanavyofanya wakata miti ni tamu kwa mti uliouandaa mapema, ila gizani kurusha uzi kwenye tawi ambalo huna uhakika nalo, hapana. Skrubu za kukanyagia na viatu vya miiba vinatoboa mti, na sehemu nyingi za ardhi ya umma vimekatazwa, sawa na kuacha vifaa mtini usiku. Sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo na hata eneo kwa eneo, soma za kwako kabla hujanunua.

Nyonga sasa. Watu wengi wakibanwa wanaamua tandiko ni baya wanauza. Mara nyingi ni marekebisho. Daraja likiwa fupi linavuta pande mbili za tandiko kuja pamoja kama mtu anayefunga mdomo wa gunia, na mdomo wenyewe ni nyonga zako. Lirefushe kidogo kidogo, sentimita 5 halafu kaa dakika 10, usikie. Ila usirefushe mpaka karabina ikawa mbali huifikii. Pili, angalia limekaa wapi: ukingo wa juu uwe karibu na mkanda wa suruali na wa chini ushike chini ya makalio, likipanda juu linakuminya kiunoni. Tatu ni urefu wa kamba mtini. Ukiifunga juu unasimama ukiegemea nyuma, ukiishusha kidogo unakaa zaidi na magoti yanagusa mti, kwa hiyo pedi za magoti sio anasa, ziweke kwenye bajeti. Hakuna mkao mmoja utakaokufaa kwa muda wa saa 4. Egemea, kaa, geuka upande, rudi. Na usinunue la rafiki, nunua saizi yako ukiwa umejipima na nguo za baridi zikiwa mwilini.

Wapi basi ukate? Kata kwenye stiki, 3 badala ya 4, fupi badala ya ndefu, na mikanda ya kufungia iwe ya kamba badala ya ile yenye vifungio vya chuma, utapunguza uzito na makelele kwa pamoja. Kata kwenye kibao, kidogo kinachotosha buti lako kupinda kidogo, ila kisiwe kidogo mpaka nyayo zinauma, maana ukiumwa nyayo unahangaika na kulungu anaona. Kata kwenye begi, mifuko na zipu za ziada. Na nguo, tembea na chache, zingine zibebwe, uvae ukishafika, jasho la njiani ndio baridi ya saa 2 asubuhi.

Ukichagua mti, mti mfu achana nao kabisa, hata ukiwa na nafasi nzuri namna gani. Unene wa sentimita 25 hadi 40 unafungika vizuri. Gome laini lenye barafu linaifanya stiki iteleze, kanyaga kwa nguvu mara mbili kabla hujahamisha uzito wote. Upinde usipande nao, uvute kwa uzi ukishajifunga juu. Na panga mti uwe kati yako na njia ya mnyama, kwa anayevuta kwa mkono wa kulia upande rahisi wa kupiga ni kushoto kwa shina, kwa hiyo njia ya kulungu iwe upande huo.

Kabla ya msimu fanya mazoezi ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini. Kweli kabisa, 30. Panda, funga, egemea, geuka, vuta upinde, rudia na glavu, rudia usiku taa ikiwa imezimwa. Ukiweza kufanya yote hayo bila kufikiri ndipo upande mita 2, kisha juu zaidi. Na ujaribu jambo moja ambalo watu wanaliruka: toa miguu kwenye kibao, uning'inie, kisha urudi mwenyewe. Kuning'inia bila kusogeza miguu ni hatari hata kama hujaumia, damu inabaki chini, moyo unakosa ya kurudisha, na mtu anaweza kuzimia. Kwa hiyo stiki ya mwisho iwe mahali mguu wako unaifikia, na ukinasa uwe unakanyaga kitu na kuchezesha miguu muda wote. Simu iwe mfuko wa kifuani, sio kwenye begi lililotundikwa upande wa pili. Na mtu nyumbani ajue uko mti gani, kwa ramani, na saa ngapi aanze kukutafuta.

Kuna vitu sitaki ujifunze kwa maandishi yangu wala kwa video. Kushuka kwa kamba ni cha kwanza. Siku utakayotaka kuhamia kwenye stiki moja, tafuta mkufunzi wa kupanda miamba au mkata miti mwenye mafunzo, akae na wewe nusu siku, akuoneshe kufunga kifaa cha kushukia, kuweka prusiki ya akiba, na kufunga fundo la kuzuia mwishoni mwa kamba ili usipitilize ncha. Kosa la hapo huwa ni moja tu. Cha pili ni bega, nenda kwa daktari au mtaalamu wa viungo umuoneshe mkao wenyewe, mkono juu ya kichwa huku unavuta, usimwambie tu "nawinda", maana atadhani unakaa chini. Kama linatoka tena au linakufa ganzi, stiki moja isahau. Cha tatu, kama una kizunguzungu au unatumia dawa za kufanya damu isigande, ongea na daktari kabla ya kupanda chochote. Na ujipime ukiwa umevaa kila kitu na begi mgongoni. Vifaa vingi vya aina hii vimeandikwa mwisho kilo 136, nguo, buti, begi na upinde vinaweza kukuongezea zaidi ya kilo 15, kwa hiyo wewe bado uko ndani, lakini soma kibandiko cha kila kimoja.

Kamba nunua mpya, usichukue za mtu. Kila unapozikunja zipitishe taratibu kati ya vidole ukitafuta sehemu iliyolainika, iliyovimba au iliyong'aa kama imeyeyuka. Ukiikuta hiyo sehemu, kata kamba vipande vipande siku hiyo hiyo ili hata kesho ukiwa na haraka usishawishike kuivaa.